Mji usio na uwanja huzaa wagonjwa

Kabla hujaendelea kusoma, jiulize jambo moja. Mtoto wako akitoka shuleni saa kumi jioni huenda kucheza wapi? Na wewe mwenyewe, ukiambiwa na daktari utembee nusu saa kila siku ili presha ishuke, utatembea wapi bila kuhofia kugongwa na bodaboda au kutumbukia mtaroni?

Sisi madaktari husikia jibu la maswali hayo karibu kila siku. Huja mama wa makamo, mwili umemzidi, sukari imepanda, magoti yanamuuma. Daktari humpa dawa, humweleza chakula anachopaswa kula na anachopaswa kuepuka, kisha humwambia afanye mazoezi. Mama huitikia kwa heshima, halafu huuliza, "Nikafanyie wapi, daktari?" Anaishi chumba kimoja katika nyumba ya kupanga. Nje ya mlango pana ngazi, nje ya ngazi pana barabara, na ng'ambo ya barabara pana ukuta wa jirani. Hapo daktari hana dawa ya kumwandikia.

Leo basi hatutazungumza juu ya vidonge wala sindano. Tutazungumza juu ya ardhi. Huenda ukashangaa daktari ana kazi gani na mambo ya ploti na ramani. Ukweli ni kwamba uwanja wa umma, bustani na njia ya kutembelea ni sehemu ya matibabu, sawa na zahanati na kisima cha maji safi. Tofauti ni moja tu. Zahanati ikikosekana leo yaweza kujengwa mwaka ujao, lakini uwanja ukishajengwa nyumba haurudi tena.

KWA NINI JEGO

Wengi wenu hamjapata kufika Jego. Iko kusini kabisa mwa Kaunti ya Kwale, upande wa Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania. Ukivuka Likoni, ukapita Ukunda na Msambweni hadi Lunga Lunga, huko ndiko hukunjia kushoto kuelekea baharini. Si mji mkubwa. Mtu aweza kuuliza pana haja gani ya kujadili bustani na viwanja mahali ambapo bado pana minazi, miembe na mashamba.

Haja ipo, na wakati wake ndio huu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Ukunda nayo ilikuwa mahali pa mashamba na vichaka kabla ya hoteli za Diani kuvuta watu kutoka kila pembe ya nchi. Watu walikuja kutafuta kazi, wakapanga vyumba, wakanunua ploti, wakajenga. Kila aliyejenga alifikiria nyumba yake, na hilo si kosa. Lakini nyumba mia moja zilizofikiriwa moja moja hazifanyi mji, hufanya msongamano.

Tazama hesabu. Sensa ya mwaka 2009 iliwapata watu 649,931 katika Kwale. Sensa ya mwaka 2019 iliwapata 866,820. Katika miaka 10 watu zaidi ya 216,000 waliongezeka, yaani kila watu watatu wa zamani walipata mwenzao mmoja mpya. Mombasa nayo ilipanda kutoka watu 939,370 hadi 1,208,333, na kisiwa hakipanuki. Tangu barabara na madaraja ya Dongo Kundu kufunguliwa mwaka 2024, mtu aweza kutoka bara ya Mombasa hadi Kwale bila kupanda feri. Wanaotafuta mahali pa kujenga watazidi kuelekea kusini, hadi Msambweni, hadi Lunga Lunga, hadi Jego.

Kwa hiyo neno hili halimhusu mwenyeji wa Jego peke yake. Linakuhusu wewe unayesoma ukurasa huu mjini, ambaye una ploti Kwale au unaitafuta. Wakati wa kununua huwa tunauliza kama pana maji, kama pana umeme na kama hati ni safi. Ni wachache wanaouliza watoto watacheza wapi.

MWILI ULIUMBWA UTEMBEE

Tuanze na sayansi. Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jeremy Morris, alichapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Aliwalinganisha madereva, ambao walikaa kitini siku nzima, na makondakta, ambao walipanda na kushuka ngazi za basi wakidai nauli. Watu hawa walifanya kazi katika basi moja na mji mmoja. Hata hivyo, madereva waliugua maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta. Fikiria matatu zetu. Makanga anayechupa mlangoni kutwa huenda analinda moyo wake kuliko dereva anayemlipa.

Tangu wakati huo uchunguzi mwingi umethibitisha jambo hilo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 za mwendo wa kiasi kila wiki. Hiyo ni sawa na nusu saa ya kutembea kwa haraka, siku tano kwa wiki, kwa uchache. Watoto wa umri wa kwenda shule wanahitaji dakika 60 kila siku. Faida zake ni kwamba presha hushuka, sukari hutumika mwilini badala ya kubaki kwenye damu, uzito hupungua, usingizi huwa mtamu na mawazo hupungua.

Nchini Kenya jambo hili si la mzaha. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 alikuwa na shinikizo la juu la damu. Miongoni mwa wanawake, karibu 4 katika kila 10 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Haya ndiyo maradhi yanayoleta kiharusi, figo kufa, upofu na kukatwa miguu. Tiba yake ni ya maisha, na gharama yake hufilisi jamaa nzima.

Watoto nao wana madhara yao. Mtoto anayefungiwa ndani asubuhi hadi jioni hapati jua la kutosha. Ngozi hutengeneza vitamini D kwa msaada wa jua, na vitamini hiyo ikipungua, mifupa huwa laini na miguu hupinda, maradhi tunayoyaita matege. Ni ajabu kwamba katika nchi yenye jua kali kama yetu bado twawaona watoto wa matege mijini. Macho nayo huathirika. Mwaka 2015 watafiti wa Guangzhou, nchini China, walieleza walivyowaongezea wanafunzi wadogo dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa wachache kuliko wale ambao hawakuongezewa muda huo. Kukaa nje mchana kweupe ni kinga ya macho, na hakuna miwani yenye bei nafuu kama hiyo.

Hata kuutazama mti tu kuna faida. Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani, Roger Ulrich, alieleza habari za wagonjwa wa hospitali moja ya Pennsylvania waliopasuliwa kuondolewa kifuko cha nyongo. Waliolazwa mahali ambapo dirisha lilitazama miti walitoka hospitalini mapema, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko wale ambao dirisha lao lilitazama ukuta wa matofali. Ikiwa mgonjwa kitandani hufaidika hivyo, je, mzima anayeweza kwenda kuketi chini ya mwembe?

YALIYOWAPATA WENZETU

Si mara ya kwanza watu kugundua kwamba mji bila nafasi huua. Mwaka 1839 ripoti ya vifo ya Uingereza ilionyesha jinsi watu wa mashariki ya London walivyokuwa wakifa kuliko wenzao, katika mitaa iliyosongamana karibu na viwanda na gati. Mwaka uliofuata watu wapatao 30,000 walitia sahihi ombi kwa Malkia Victoria, wakitaka bustani ya umma. Bustani hiyo, Victoria Park, ilifunguliwa mwaka 1845, na mpaka leo ipo. Zingatia jambo hili: bustani ile haikuombwa iwe pambo la mji. Iliombwa kwa ajili ya uhai.

Hapa kwetu, Nairobi imetufundisha somo chungu. Uhuru Park ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwezi Mei 1969. Miaka 20 baadaye, mwaka 1989, kulikuwa na mpango wa kujenga humo jumba la ghorofa 60. Hayati Wangari Maathai aliupinga, akaandika barua hapa na pale, akadhihakiwa hadharani, hata bungeni. Hakunyamaza, na mwishowe mradi ule uliachwa. Ukipita hapo siku ya Jumapili ukaona watoto wakikimbia na wazee wakipunga upepo, kumbuka kwamba karibu pawe saruji.

Bustani ya Jivanjee, iliyotengenezwa na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwaka 1906 kwa ajili ya wakazi, nayo ilinusurika mwaka 1991 ilipopangiwa kujengwa maegesho ya magari. Msitu wa Karura, wenye zaidi ya hekta 1,000, ulikuwa umeanza kugawiwa watu binafsi. Mwezi Januari 1999 Bi Maathai na wenzake walishambuliwa walipokwenda kupanda miti huko. Leo msitu huo ni mahali pa kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli kwa maelfu ya watu.

Lakini hizo ni bustani zenye majina, zilizopata watetezi. Vipi vile viwanja vidogo vya mitaani ambavyo havikuwa na Wangari wake? Tume ya Ndung'u, iliyoundwa mwaka 2003 kuchunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, ilitoa ripoti yake mwaka 2004. Ilieleza jinsi ardhi ya viwanja vya michezo, bustani, shule, hospitali na kando za barabara ilivyochukuliwa na watu binafsi kote nchini. Uwanja wa mtaa hupotea usiku mmoja. Asubuhi watoto hukuta mabati na mlinzi, na maji yakimwagika hayazoleki.

PWANI ILIJUA ZAMANI

Wapo watakaosema kwamba bustani ni mambo ya Kizungu. Sivyo. Wazee wa pwani walijua kuacha nafasi kabla ya kuja afisa mipango yeyote. Tazama kaya za Wamijikenda. Kaya Kinondo ya Diani ingali imesimama hadi leo, miti yake mikubwa, kwa sababu wazee waliweka mwiko juu yake na vizazi vikauheshimu. Mwaka 2008 Shirika la UNESCO liliziorodhesha kaya za Wamijikenda kuwa urithi wa dunia. Kaya si bustani ya kuchezea mpira, ni mahali patakatifu na pana adabu zake. Somo lake kwetu ni kwamba ardhi hubaki pale tu ambapo jamii nzima imekubaliana kwamba haiguswi.

Miji ya Waswahili nayo ilikuwa na viwanja vyake. Mombasa ina Makadara, panaposaliwa Idi na kufanyiwa mabaraza. Unguja ina Mnazi Mmoja, na Dar es Salaam ina Mnazi Mmoja yake. Ile ya Dar es Salaam ina historia ya kutonesha: wakoloni waliacha ardhi hiyo wazi ili itenge Kariakoo ya Waafrika na mitaa ya Wahindi, na kisingizio chao kilikuwa afya. Nalitaja hili kwa sababu sisi watu wa tiba tuna wajibu wa kusema wazi: uwanja unaotenga watu si afya. Uwanja wa afya ni ule ambao tajiri na maskini, mwenyeji na mgeni, huketi kwenye benchi moja.

Unguja pia yatufundisha kwamba kuwa na bustani hakutoshi, lazima itunzwe. Bustani ya Forodhani ilianzishwa mwaka 1936 kwa heshima ya Sultani Khalifa bin Harub. Kufikia miaka ya 2000 ilikuwa imechakaa sana. Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni iliitengeneza upya, ikafunguliwa mwaka 2009, wauza vyakula wakapangiwa mahali pao, taa zikawaka. Mombasa nayo iliitengeneza upya Mama Ngina mwaka 2019, ikasherehekea Siku ya Mashujaa hapo hapo tarehe 20 Oktoba. Ukienda jioni utawaona watu wa kila namna chini ya mibuyu, huyu na madafu yake, yule na mihogo, upepo wa bahari ukiwapiga. Wengi wao hawajui kwamba wako katika matibabu.

"LAKINI TUNA BAHARI"

Nikizungumza haya na watu wa pwani, jibu la kwanza huwa hilo: sisi tuna ufuo, bustani ya nini? Ni kweli kwamba ufuo ni mali ya umma. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 62, inahesabu ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Lakini utafikaje huko? Diani ina mchanga mweupe unaosifiwa duniani, na malalamiko ya wakazi kwa miaka mingi yamekuwa kwamba vijia vya kuendea baharini vimezibwa kwa kuta na mageti. Haki isiyo na njia ya kuifikia ni sawa na dawa iliyofungiwa kabatini.

Tena, maji hujaa. Ufuo wa saa nne si ufuo wa saa kumi. Kikongwe wa miaka 70 hawezi kutembea kwenye mchanga laini na magoti yake mabovu. Na upande wa Vanga, ufuo mwingi ni mikoko, ambayo wakazi wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wameungana kuihifadhi. Mikoko ni ngao ya kijiji dhidi ya mawimbi na ni malezi ya samaki, lakini si mahali pa kumwambia mgonjwa wa sukari akatembee. Jego inahitaji nafasi yake yenyewe katikati ya makazi, mahali ambapo mtoto aweza kufika kwa miguu yake.

NAFASI KIASI GANI?

Ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani imependekeza kipimo kilicho rahisi kukumbuka: kila mkazi awe na eneo la kijani la nusu hekta hadi hekta moja, lisilozidi mita 300 kutoka nyumbani kwake. Huo ni mwendo wa dakika tano hivi. Nusu hekta ni kama ekari moja na robo, na uwanja kamili wa mpira ni kama ekari moja na robo tatu. Hakuna anayeiomba Jego itenge msitu. Inatosha kila mtaa utakaokua uachiwe uwanja mmoja wa kiasi hicho, na viunganishwe kwa njia za miguu zenye miti.

Nchi zote za Umoja wa Mataifa, Kenya ikiwemo, zilikubaliana mwaka 2015 kwamba kufikia mwaka 2030 kila mtu awe na mahali pa umma penye kijani, palipo salama na panapofikika, hasa wanawake, watoto, wazee na walemavu. Mwaka 2030 hauko mbali.

HOFU ZA HAKI

Wapo wenye hofu, na hofu zao ni za haki. Wengine husema uwanja wazi utakuwa maficho ya wahuni na wavuta bangi. Utakuwa hivyo ukitelekezwa. Uwanja wenye taa, usio na vichaka vya kujificha, unaotazamwa na madirisha ya nyumba na wenye wauza mahamri pembeni, wenyewe hujilinda. Wahuni hupenda mahali ambapo watu hawapiti.

Wengine huogopa mbu. Hofu hiyo naiunga mkono. Mombasa ilisumbuliwa na chikungunya mwishoni mwa mwaka 2017 na mwanzoni mwa 2018, na mbu wanaoieneza huzaana katika maji machache tu, hata yaliyomo katika kifuu cha nazi au gurudumu bovu. Basi uwanja usiwe jaa la taka. Uwe na mwinamo wa kutoa maji, na usafishwe kila wiki.

Hofu ya tatu ni nzito zaidi: ardhi ya nani? Kwale ina historia ndefu ya watu kuishi bila hati juu ya ardhi ya babu zao. Haifai kumnyang'anya maskini shamba lake kwa jina la bustani. Katiba inataka anayechukuliwa ardhi kwa manufaa ya umma alipwe fidia ya haki, na bila kucheleweshwa. Njia iliyo nyepesi ni kuanza na ardhi ambayo tayari ni ya umma, na kumtaka mwenye shamba kubwa anayeligawa kuwa ploti aache sehemu ya watu wote kabla ya kupewa idhini. Mashamba yaliyo kwenye njia ya maji ya mto Umba nayo hayafai kujengwa nyumba, kwa sababu mto huo hufurika. Sehemu kama hizo, zikipatikana kwa haki, zaweza kuwa viwanja vya mpira na malisho wakati wa kiangazi, na mvua kubwa zikinyesha, zikameza maji badala ya nyumba za watu kuyameza.

LA KUFANYA SASA

Jedwali la Nne la Katiba limewapa watu wale wale, yaani serikali za kaunti, kazi za afya ya msingi, mipango ya makazi, na bustani na fukwe za umma. Kwa hiyo hakuna ofisi itakayosema "hilo si letu". Haya ndiyo mambo ya kudai:

1. Ramani kabla ya ploti. Mpango wa mji utoke kwanza, viwanja vioneshwe, ndipo mashamba yagawiwe. Sheria ya mipango ya mwaka 2019 inawapa wakazi nafasi ya kutoa maoni. Nenda ukayatoe.

2. Hati kwa kila uwanja. Uwanja uliochorwa tu kwenye ramani ni mawindo. Uwe na mipaka iliyopimwa, na uandikishwe kuwa ardhi ya umma.

3. Miti ya kivuli ipandwe mapema. Mwembe, mkwaju, mwarobaini na mkungu hukua polepole kuliko nyumba. Minazi iwekwe mbali na pembea za watoto. Nazi ikianguka kichwani haina mzaha.

4. Maji, choo na taa. Mahali pasipo choo wanawake hawakai, na mahali pasipo taa hawaji.

5. Nafasi ya kila mtu. Uwanja wa mpira pekee huwa mali ya vijana wa kiume. Pawe na njia ya kuzunguka, mabenchi ya wazee na mahali ambapo akina mama waweza kutembea na kujinyoosha kwa stara.

6. Kamati ya mtaa. Watu wanaoutumia uwanja ndio wanaoujua kwanza unapoguswa. Wawe na uongozi, na wawe na nakala ya ramani mkononi.

NA WEWE LEO?

Mipango ya kaunti huchukua muda, na presha yako haingoji. Uwanja wowote wa shule ulio karibu nawe wafaa, kwa idhini ya mwalimu mkuu. Kuuzunguka uwanja kamili wa mpira mara moja ni kama mita 350. Mizunguko saba kwa mwendo wa haraka itakuchukua karibu nusu saa, na hiyo ndiyo dozi yako ya siku. Kipimo cha mwendo ni hiki: uwe unaweza kuzungumza, lakini huwezi kuimba.

Pwani yetu ina joto, hasa wakati wa kaskazi, kwa hiyo tembea alfajiri au baada ya alasiri, na unywe maji. Mwenye sukari asitembee peku hata kwenye nyasi, maana kidonda kidogo asichokihisi chaweza kumgharimu mguu. Ukiwa na maradhi ya moyo, au ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika, simama na umwone daktari kabla ya kuendelea. Na usiache dawa zako kwa sababu umeanza kutembea. Mazoezi na dawa husaidiana, na ni daktari wako atakayeona kama kipimo cha dawa kipunguzwe.

Mtoto naye mpeleke nje. Simu na runinga vitamngoja.

Ukiisha kutembea, fanya jambo moja zaidi wiki hii. Nenda katika ofisi ya ardhi ya kaunti yako, au kwa mwakilishi wa wadi yako, uulize: katika mtaa wangu, ni ardhi ipi iliyotengwa kwa uwanja, na hati yake iko wapi? Ukipata jibu, waeleze majirani. Usipolipata, rudi tena, na safari ya pili usiende peke yako.